Mkanda Usiosafishwa

Ærø ni kisiwa cha watu wachache
na wageni wanaokuja kuoana kimyakimya.
Wanashuka kivukoni na begi moja la mgongoni,
hati zao ndani ya bahasha ya plastiki,
wanauliza ofisi ya manispaa iko wapi, na choo kiko wapi,
kwa mpangilio huo.

Mimi ndimi ninayewapiga picha.
Kamera ni ya marehemu baba, nzito kama tofali,
fremu thelathini na sita, basi.
Ukipiga chafya, umepiga.
Ukifumba macho utabaki umefumba
hadi wajukuu waje kuuliza babu alilala?

Bogna alikuja Juni, Ilmar nyuma yake
kabeba viatu, vyake na vya Bogna, jozi mbili.
Walikuwa wanamtoroka nani, sikuuliza.
Hawakuwa na shahidi wa pili. Nikamwita Preben
anayekata tiketi za kivuko. Akaja na sare yake,
akatia sahihi kwa kalamu inayovuja,
akambusu bibi harusi shavuni kwa haraka,
akawahi meli ya saa nane.
Dakika kumi na moja, ndoa imefungwa.
Hakuna kigelegele. Kengele ya baiskeli tu,
ya mtu aliyetaka tumpishe.

Jioni nikawasimamisha mbele ya vibanda vya mbao ufukweni,
kimoja cha kijani, kimoja kimebabuka rangi.
Upepo ukawa unamnyang'anya Bogna kitambaa cha shingoni
naye anakidaka,
anakidaka tena.
Nilitaka kumwambia akiweke chini, kinaharibu picha.
Kitu kikanizuia ulimi.
Nikapiga.

Saa nne usiku, mwanga bado unajivuta,
Bogna akanifumbatisha mkanda kiganjani:
"Usiusafishe.
Mpaka mtu wa kwetu aje kuuliza."
Na asipokuja?
Akatazama maji.
Ilmar akainama, akavaa viatu.

Nimesafisha mikanda ya mamia ya maharusi.
Huu niliuacha na giza lake,
miaka saba ndani ya friji,
kati ya siagi na samaki wa siki.
Torkil, mume wangu, akitafuta haradali mbele ya wageni, husema:
"Humu tuna wapangaji wawili, mke na mume,
wala hawali."
Wageni hucheka. Mimi huosha vikombe.

Kisha Oktoba moja, mvua inapiga ubavuni,
mama mmoja akasimama mlangoni, koti limelowa.
Alikuja na maneno matatu ya Kidenmaki
ameyaandika mkononi kwa wino.
Mvua imefuta mawili.
Lililobaki: *picha*.

Nilimkalisha jikoni. Hakuvua koti.
Nikaukunjua mkanda gizani, kwa vidole peke yake,
nikautia dawa, nikautundika ukauka,
yeye muda wote anaitazama friji
kana kwamba nimemwonyesha chumba cha mwanawe.

Usiku nikamwingiza chini ya taa nyekundu.
Karatasi nyeupe ndani ya sinia.
Kwanza kikaja kivuli cha kibanda. Kisha nywele.
Kisha mkono uliokunjwa hewani,
na ndani ya ngumi, kitambaa, nukta kwa nukta.
Nyuso bado hazijafika.

Mama akasema jambo kwa Kipolandi.
Akagusa shingo yake, tupu.
Akagusa picha.
Tena shingo.
Akacheka, kile kicheko cha mtu
aliyemlaani mwizi miaka saba
kumbe mwizi alimzaa mwenyewe.

Akaingiza mkono kwenye dawa aichukue.
Bado, mama, bado.
Ukiitoa nje sasa, mwanga utaimeza yote.
Sikuwa na Kipolandi cha *subiri*.
Nikamshika kifundo cha mkono, kimelowa,
nikaanza kuhesabu kwa sauti.
Akaelewa. Akahesabu na yeye, kwa lugha yake,
namba zetu zikipishana.

Nyuso zikafika.
Sikumwachia.